Mtori wa Mzazi

Jamani Wameru wenzangu, leo nimemeza ndizi ya kuchoma!

Tangu koo langu libane, nimeishi kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi, kama mwanamke aliyejifungua. Shemeji yangu, karani wa Bwana DC, kila akija wodini huniuliza: “Mzazi hajambo?”

Juzi daktari alinipitishia mpira kooni, akaipanua njia. Leo akasema nijaribu chakula kigumu.

Mke wangu akaja na kaka yake, yule karani, na bakuli la mtori. Mazoea hayo!

“Mama Elia, huo mpe kaka yako,” nikasema. “Mimi nipe hiyo ndizi ya kuchoma uliyojibebea ya kula njiani.”

Nikatafuna taratibu. Ikashuka yenyewe mpaka tumboni! Wodi nzima ikapiga makofi.

Nikageuka nimtazame shemeji.

Bakuli tupu, anajifuta midomo.

Semeni nyie, mzazi nani sasa?