Pua ya Wifi Leetia

Wifi yangu Leetia anaishi kwa pua. Wengine hapa kwetu kaskazini kwenye barafu huchungulia dirishani kujua kama upepo utageuka, yeye hufungua mlango, akanusa, akafunga, akasema, "Leo hakuna kwenda popote." Ukimpelekea ngozi ya sili wa baharini aishone viatu, hata kuikunjua haikunjui kwanza. Anainusa, kisha anakwambia nani aliyeikwangua na kama alikuwa na haraka. Mimi siku moja nilifika kwake nikamkuta na chai, kabla sijakaa akaniambia, "Unatoka kwa Qaunaq, na mmekula samaki mkaninyima." Kweli tulikuwa tumekula. Nilimwambia ni vijisamaki tu, hakunisikiliza.

Tunaishi pua na mdomo, nyumba yake na yangu, tangu alipoolewa na kaka yangu Ipeelie. Tumegombana miaka yote hiyo vile mawifi wanavyopaswa kugombana. Kaka alipofariki ndipo tukaanza kupendana, ingawa ukimuuliza yeye atakataa katakata.

Basi mwaka huu, barafu ikiwa bado nene ghubani, binti yake Rhoda akajifungua mtoto wa kiume. Jina halikuwa na mjadala. Akaitwa Ipeelie, na kwetu jina la marehemu haliitwi bure: aliyeondoka amerudi. Kwa hiyo yule mtoto ni kaka yangu mimi, Rhoda anamwita baba, na Leetia anamwita mume wangu. Ungemsikia! "Mume wangu, umeamka? Mbona umejikojolea, mume wangu, zamani hukuwa na tabia hiyo." Nami namjibu, "Alikuwa nayo sana. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, uliza nikwambie."

Na kila asubuhi, hata chai hajanywa, alikuwa anakwenda kwa Rhoda kumpa mumewe kunik. Hiyo ndiyo salamu yetu kwa tunaowapenda: unabandika pua shavuni mwa mtoto, unamvuta kwa pumzi moja ndefu, mpaka harufu yake ikae ndani yako. Leetia alikuwa anavuta mpaka macho yanafumba. Mtoto alishazoea, akisikia tu mlango, anageuza shavu.

Halafu ghafla akaacha.

Rhoda ndiye aliyenijia, mtoto mgongoni ndani ya koti, machozi yanamlengalenga. "Shangazi, mama hamtaki mtoto. Anakuja, anakaa pale mlangoni, skafu kajifunga puani ndani ya nyumba yenye joto. Nikimpa amshike, anasema mikono imechoka. Na keshokutwa anapanda ndege kwenda kusini kupasuliwa nyonga. Ataondoka hivihivi?"

"Mama yako hawezi kumkataa kaka yangu," nilimwambia. "Miaka thelathini hakumkataa na alikuwa anakoroma."

Lakini moyoni niliingiwa na baridi. Nilivaa koti nikatoka, na sikubisha hodi. Nikamkuta wifi yangu mbele ya kioo, kijiti chenye pamba kimezama puani, anajipaka marhamu.

"Ebo! Unafanya nini?"

Akaruka. "Wewe hujui kubisha?"

"Sijui. Hebu niambie, una nini puani?"

Akakaa kitandani. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi na sikuwahi kumwona amenywea vile. Akasema wale wa zahanati walimchokoa puani kabla ya safari, kama wanavyofanya siku hizi kwa mtu anayekwenda kuwekewa chuma mwilini, na majibu yakarudi kwamba ana bakteria. Nesi Fiona akampa marhamu na sabuni, akamweleza jinsi ya kuvitumia.

"Akakwambia unaumwa?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Akakunja pua. Kwetu kukunja pua ni hapana, na kuinua nyusi ni ndiyo. Hatuna haja ya kuchosha midomo.

"Kwa nini hukuuliza, wifi? Kuuliza si ujinga!"

"Na mama yangu aliuliza nini?" akanijibu kwa ukali. "Alikuwa mzima. Asubuhi ile alikuwa amechuna sili watatu, anaimba. Akapanda meli ya madaktari waliokuja kutupima, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia una wadudu, hushuki tena. Mimi nilikuwa mgongoni mwa shangazi. Wanasema alisogezewa mimi anipe kunik, akageuza uso, akaziba pua yake kwa mkono. Aliogopa kuniambukiza. Akaenda kusini na kifua kikuu chake, na kaburi lake sijawahi kuliona." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, halafu akakumbuka, akakimbilia sabuni kuuosha mkono ule. "Mimi nami ni mzima, na mimi nami nina wadudu. Nimewapeleka puani kwa mume wangu kila asubuhi tangu azaliwe. Ana miezi miwili. Akifa mara ya pili, nitakuwa nimemuua mimi."

Kaka yangu. Nilimzika mara moja, sikuwa na nguvu ya kumzika tena. Nikaogopa kama yeye, tena nikakasirika kwa sababu naogopa.

"Vaa viatu," nilisema.

"Wapi?"

"Zahanati. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kama ni kufa, tukaambiwe tumekaa kwenye kiti kizuri."

Nesi Fiona ni mtu wa kusini, lakini ameshakaa nasi majira ya baridi ya kutosha, na bado mpaka leo anadhani mtu akiinua nyusi ameelewa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana nimeuza katika duka la ushirika miaka mingi na Kiingereza nimekifinyanga hukohuko. Nikamwuliza bila kuzunguka: huyu mwanamke ana ugonjwa gani puani, na amemuua mjukuu wake au bado?

Nesi akatutazama. "Kumuua? Leetia, nilikueleza siku ile. Nikakuuliza umeelewa, ukainua nyusi."

"Aliinua kwa adabu!" nikamwambia. "Ulitaka akufokee?"

Fiona akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Akasema taratibu, nami nikatafsiri taratibu. Hana ugonjwa. Hao bakteria wanaishi puani mwa watu wazima wa afya, ukihesabu watu watatu mmoja anao, wamekaa zao tu, hawamuumizi. Shida ni kisu cha daktari: wakitoka puani wakaingia kwenye kidonda cha nyonga, hapo wanaweza kuleta balaa. Ndiyo maana wanafukuzwa kwanza kwa marhamu. Kifua kikuu ni kitu kingine kabisa, na picha ya kifua chake ilikuwa safi.

"Na mtoto?" Leetia aliuliza mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha maneno kumi. Sikuwahi kumsikia akimuuliza nesi kitu.

"Mtoto ni mzima na hana kidonda. Watoto huokota bakteria wao kwa mama, kwa baba, kwa kila anayewabeba. Si ajabu na yeye ameshapata wake. Nawa mikono, maliza dawa yako, mbusu." Kisha akacheka kidogo. "Mimi mwenyewe walinipima nikiwa masomoni. Ninao."

"Wewe!" nikasema, nikasogeza kiti nyuma.

"Na wewe huenda unao."

"Mimi? Pua yangu safi."

Leetia akanigeukia polepole. Rangi ilikuwa imeshaanza kumrudia. "Wifi, tuko watatu humu. Nesi keshajitaja, na mimi nimepaka dawa. Lakini wewe, kwa uchafu ule wa jikoni kwako, unao wa kwako na wa jirani."

Nikajua amepona. Akacheka mpaka akashika nyonga yake mbovu, akalia hapohapo, na mimi nikalia, na Fiona akatugawia karatasi za kufutia pua, moja moja. Mzigo ulinitoka kifuani nikajihisi mwepesi. Tukatembea mpaka kwa Rhoda, yeye kwa fimbo yake mbele, mimi nyuma namkimbilia. Mguu ule mbovu sijui siku hiyo ulitoa wapi mbio.

Alinawa. Akanawa tena. Kisha akamchukua mtoto, na sitasema alifanya nini kwa sababu Rhoda alilazimika kumwambia, "Mama, basi, utammaliza."

Siku ya safari tulimsindikiza uwanjani. Ndege ilikuwa inanguruma, upepo unakata, watu wa zamu wanamwita apande. Leetia akafungua skafu yake mbele za watu wote, akamtoa mtoto uso kwenye kofia ya koti la Rhoda, akabandika pua shavuni mwake. Akavuta pumzi. Hakuwa na haraka. Wakamwita tena, hakugeuka. Mimi nilimfikiria yule mama yake pale kwenye ngazi ya meli, mkono puani, nikalazimika kutazama barafu.

"Mume wangu," akamwambia mtoto, "nakwenda kutengeneza mguu. Utaningoja?"

Mtoto akamkazia macho. Uso ukawa mwekundu. Akainua nyusi zote mbili juu kabisa.

"Kasema ndiyo!" Leetia akapiga kelele. "Mmeona? Kasema ndiyo!"

"Anakunya huyo," nikamwambia.

Leetia akainama, akanusa.

"Vyote viwili," akasema, akapanda ndege.