Prii na Pawa za Baba Dorika

Mume wangu, Ubaldo, ambaye hapa Makanyagio wanamwita Baba Dorika kwa jina la binti yetu mkubwa, alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga tangu ujana wake mpaka mwaka juzi. Mashine ile ilikuwa na kelele sana. Mtu akitaka kuongea naye alikuwa anamshika bega kwanza, halafu anamwonyesha kwa vidole. Kwa hiyo akirudi nyumbani hakutaka maneno. Anaoga, anakula, anakaa mbele ya mziki wake na kusikiliza dansi la zamani kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba mimi nikiwa jikoni nilisikia maharage yanavyochemka zaidi ya tarumbeta.

Alichokuwa anakitafuta mle ndani ni gitaa la pili. Anasema la kwanza kila mtu analisikia, maana linajisifu lenyewe. La pili liko chini yake, linafanya kazi. "Hilo hapo, Mama Dorika," alikuwa ananiambia, kidole juu. Mimi silisikii, lakini nilikuwa naitikia ndiyo. Baadaye nikaona niuungame uongo huo kwa padre.

Mziki huo aliachiwa na padre mmoja aliyekuwa anahama. Haukuwa kitu kimoja kama miziki ya siku hizi. Ulikuwa na vyombo viwili mbali na spika. Cha kwanza wanakiita prii. Ndicho unachochomekea kaseti au simu, na ndicho chenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Cha pili ni pawa, kizito kama gunia, hakina kitufe ila swichi, kazi yake ni kuisukuma sauti mpaka kwenye spika. Prii inachagua, pawa inabeba. Kimoja bila kingine ni pambo la mezani.

Sasa mtaani kwetu mwenye mziki ni kama mwenye sufuria kubwa. Huulizwi kama utauazimisha, unaulizwa uko wapi waje kuubeba. Ubatizo, harusi, kipaimara, mziki wa Baba Dorika ulikuwa unatangulia kabla ya wazazi. Mwaka jana jirani yetu Manyanda aliuchukua kwa kipaimara cha watoto wake. Wakaufungia spika nne za kupiga uwanjani, na mtu mmoja akaweka soda juu ya prii. Prii ikanywa soda, pawa ikaungua. Vilirudishwa kesho yake na sahani ya pilau juu. Pilau lilikuwa zuri.

Ubaldo hakumlaumu mtu. Alikaa mbele ya ile meza wiki nyingi kama vile mziki unapiga. Nilipoona hivyo nikamwambia, "Baba Dorika, nenda dukani kwa Yunus ukatafute mwingine."

"Wataubeba tena."

"Waambie ni mbovu."

Akaniangalia. Nikaona aibu. Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu, halafu namfundisha mtu mzima kusema uongo.

Alifikiri siku kadhaa, akaja na neno lake. "Nitanunua pawa dhaifu," akasema. "Dhaifu ambayo hata mtu akiiazima haitamfaa. Hapo nitakuwa nasema kweli." Nililiweka jambo hilo kwenye sala, kwa kifupi, maana kuna watu wenye shida kubwa zaidi.

Yunus ana duka Majengo, anauza redio na amplifaya zilizotumika. Kwao ni Ikola, ziwani, na anaongea kama watu wa kule wanaoitana kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine. Tulipoingia akafurahi.

"Karibu mzee wangu! Shemeji, shikamoo. Nimewaletea chuma!" Akakiondoa kitambaa kwenye pawa nyeusi yenye ukubwa wa sanduku la bibi harusi. "Hii ukiiwasha hapa, dagaa kule kwetu wanaanikika wenyewe."

"Haina ndogo yake?" Ubaldo akauliza.

"Ndogo?"

"Isiyo na nguvu."

Yunus akanigeukia mimi. "Shemeji, mzee anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Anataka dhaifu."

"Mi nimekaa kwenye biashara hii tangu sina ndevu. Watu wanakuja hapa wanataka besi ya kung'oa misumari ya bati. Leo mtu anataka ya kunong'oneza! Mzee, unataka kusikiliza mziki au unataka kuuficha?"

"Vyote," akasema Ubaldo.

Basi Yunus akaenda stoo, akarudi na vumbi kichwani na pawa moja ya rangi ya fedha, nyembamba, ambayo alisema hajawahi kupata mtu wa kuitazama mara mbili. Ubaldo akaomba aifunge kwanza na prii ile, halafu na hii, halafu na nyingine. Prii ya kwanza ilikuwa na taa nyingi zinazocheza. Akaikataa, anasema mtu akiziona anakumbuka harusi. Ya pili ilikuwa inavuma kama nyuki hata bila wimbo. Ya tatu ilikuwa na kitufe kimoja cha sauti, kimechubuka. Yunus akachomeka simu. Duka zima likapata sauti ya kiasi, kama mtu anayeongea na wewe peke yako. Ubaldo akainamisha kichwa, akainua kidole.

"Lipo," akasema.

"Nini kipo?" Yunus akauliza.

"Gitaa la pili," nikamjibu mimi, kwa kuwa mume wangu alikuwa hayupo tena.

Yunus akamwonya vizuri kabisa, na ninamshukuru. Alisema pawa ile, ukiipeleka nje penye watu hamsini, itasikika kwa watatu. Ubaldo akamwomba arudie maneno hayo, akayashika kichwani kama sala, tukapanda bodaboda mbili, yeye na pawa, mimi na prii.

Wiki tatu tulikaa kwa raha. Halafu Manyanda akaja, amevaa shati la Jumapili, pamoja na majirani wengine wawili, Ezekia na Kassiani. Watu watatu wenye mashati safi hawajaja kusalimia.

"Baba Dorika," Manyanda akasema, "mtoto wetu Upendo anaolewa. Tumesikia mziki umefufuka."

"Umefufuka, lakini haufai kwa harusi," Ubaldo akasema. "Nje, penye watu hamsini, unasikika kwa watatu."

"Usitutanie, mzee. Washa tuusikie."

Akauwasha. Wakakaa. Nikaleta chai. Ezekia akasogea mpaka karibu na spika, akasikiliza, akarudi anatingisha kichwa. "Kweli huu hata mbuzi hatastuka," akasema.

Kassiani akasema labda mziki una homa.

"Haufai," Manyanda akakubali. Nilimwona mume wangu akishusha mabega. Ningependa kusema nilihurumia harusi ya watu, lakini nilifurahi.

Halafu Manyanda akachovya mkate kwenye chai, akatazama huku na huku. "Haufai kwa harusi," akasema. "Ila kwa kikao! Kule kwangu redio ikipiga hatusikizani, isipopiga watu wanasinzia. Hapa unapiga na tunaongea. Jamani, kamati si ihamie hapa?"

"Ihamie," akasema Ezekia. "Na chai ya hapa ina tangawizi."

Kamati ya harusi ikahamia kwetu. Kila Jumapili baada ya misa walikuja, mwenyekiti, mweka hazina, mama wa chakula, mama wa mapambo, na Kassiani ambaye sikuwahi kujua anashughulikia nini. Walibishana juu ya rangi ya vitambaa. Walibishana kama mchele uwe wa Mpimbwe au wa hapa. Ubaldo alikaa pembeni ya spika yake, anainamisha kichwa, anainua kidole, anakishusha. Kidole kilikuwa hakifiki juu. Nilimwona ananyauka.

Jumapili ya nne walifika kwenye keki. Hapo sauti zikapanda, na Manyanda akageuka.

"Baba Dorika, punguza kidogo. Gitaa linaingilia ajenda."

Mume wangu alisimama. Ameishi na watu hawa tangu mtaa huu una nyumba sita, na sijawahi kusikia akimnyima mtu hata chumvi. Akanyanyua benchi walilokuwa wamekalia akina mama, wao wenyewe wakiwa wanasimama haraka, akalipeleka nje ubavuni mwa nyumba. Akarudi, akachukua la wanaume.

"Keki iko nje," akasema.

Mimi nilianza Salamu Maria.

Manyanda akatazama mlango, akatazama benchi. "Wazo zuri," akasema. "Humu joto limezidi. Nyie, twendeni. Mama Dorika, chai itatufuata?"

"Itawafuata," nikasema.

Wakatoka na daftari zao. Nilisikia wanaendelea na keki palepale walipoishia, na hakuna aliyechukia. Wiki iliyofuata walikuja wakaenda moja kwa moja ubavuni.

Niliwapelekea chai, nikarudi ndani. Ubaldo alikuwa kwenye kiti chake, na kidole kiko juu kabisa.

"Unalisikia?" akaniuliza.

"Silisikii," nikasema.

Akasogeza kiti cha pili karibu na spika, nikakaa.