Kivutio cha Nne

Mama Cherehani hakupachikwa jina hilo kwa sababu ya ushonaji peke yake. Mdomo wake nao ukishaanza kukimbia, haukatiki uzi. Lakini asubuhi ile alipopeleka mapazia kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yake, alisimama mbele ya ubao mpya uliopigiliwa langoni, akakosa la kusema.

Ubao uliwaonyesha wageni mahali pa kutembelea. Mshale wa kwanza: ghala la mvinyo. Wa pili: maporomoko ya maji. Wa tatu: kilima cha kutazamia machweo. Wa nne ulielekea nyumbani kwake, umeandikwa kwa rangi nyekundu: Mzee wa Mizabibu.

Mzee mwenyewe ni mumewe.

Loo! Kumbe ndiyo maana. Miezi yote ile watu wenye kofia pana walikuwa wakipiga hodi, naye anawatolea viti na maji ya kunywa, akidhani wamesikia kuna mgonjwa, wamekuja kumjulia hali. Tena aliwasifu kwa majirani: wageni hawa wana utu, wanawashinda hata ndugu. Walipompiga picha mumewe, yeye akaona ni mapenzi. Mjinga mimi, alijiambia, mjinga wa kutupwa!

Mumewe alikuwa fundi wa kupogoa mizabibu, na bonde zima lilimjua. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Hushinda barazani na mkasi wake wa kupogolea. Mkewe humwekea rundo la matawi makavu, naye hukata, hukata, ametulia. Akinyang'anywa mkasi hulia. Jina la mkewe halijui tena. Mwanamke anayemwogesha na kumlisha, mzee humwita "wewe mama," basi.

"Shemeji, huu ubao ni wa nini?" Mama Cherehani aliuliza, mapazia bado mikononi.

Shemeji, mdogo wake mumewe, alicheka. "Usinune bwana. Wageni wanampenda mno. Kaka anapata watu wa kumchangamsha, ana hasara gani?"

"Kaka yako ni maporomoko? Ni kilima?"

"Punguza sauti, wageni bado wamelala."

"Waamke! Mshale huo ung'oe leo leo."

"Nitaung'oa, shemeji, nitaung'oa," alisema, vile mtu anavyombembeleza mtoto.

Haukung'olewa. Mtu yule hana mshipa wa aibu, na aliyemdekeza ni kaka yake huyo huyo, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha kwa mikono iliyojaa malengelenge.

Wiki iliyofuata aliingia bwana mmoja, kamera inaning'inia kifuani. Akainama karibu, karibu kabisa, apate picha ya uso. Sasa, mpogoaji kabla hajagusa tawi hukata kwanza kamba kuukuu zilizofungia mzabibu kwenye waya. Mzee akaona ukanda mweusi unacheza mbele ya macho yake. Akaukata mara moja, safi, kazi ya fundi. Kamera ikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka.

Mgeni hata hakufoka. Aliyefoka ni shemeji, aliyekuja mbio anahema. "Kaka amekuwa hatari! Lete mkasi huo. Nitamtafutia wa plastiki, picha zitatoka vilevile."

Sikia maneno! Akaupokonya mkononi mwa kaka yake, akaondoka nao. Mzee alilia mpaka sauti ikamkauka, vidole vikifumba na kufumbua hewani. Mama Cherehani alikaa naye pale sakafuni.

Kulipokucha alimwogesha mumewe, akamvalisha shati jeupe, akamshika mkono, vigoda viwili kwapani, wakaenda. Wageni walikuwa wanakunywa chai. Aliviweka vigoda katikati ya chumba cha kulia, akamkalisha mzee, akakaa. Kisha akawakodolea macho. Anayetafuna mkate, alimtazama akitafuna. Anayepuliza chai, alimtazama akipuliza.

"Endeleeni tu," alisema. "Na sisi tumekuja kutembea. Tumeambiwa hapa kuna watu wa kutazama."

Vijiko vikasita. Shemeji akatoka jikoni na birika, uso umemsawijika. "Shemeji, unanitia aibu mbele ya wageni!"

"Aibu? Unayo? Iko wapi tuione, tuichoree mshale! Nataka mkasi wa mume wangu, na ubao ule ushuke. La sivyo kesho tunarudi, na keshokutwa, mpaka watu wako wapaliwe na mkate."

Mama mmoja kwenye meza ya dirishani alimuuliza shemeji taratibu, "Samahani, huyu mzee ni nani wako?"

Shemeji aliwatazama wageni, akatazama chini. "Ni jirani tu," alisema. "Mzee wa hapa jirani. Hayuko sawa."

Mama Cherehani aliinuka, damu inamchemka, maneno yamemjaa kinywani tele. Hakupata nafasi ya kuyatoa. Mumewe alikuwa ameinua kichwa kwa kusikia ile sauti. Alimtazama shemeji kwa muda, na uso wake ukachangamka namna ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu ugonjwa uanze.

"Mdogo wangu," alisema, wazi kabisa. "Umekula?"

Chumba kizima kilisikia. Shemeji alibaki amesimama na birika lake.

Moyo ulimchoma Mama Cherehani. Kumbe humo kichwani alikuwa amebaki mtu mmoja, na si yeye anayemwogesha kila siku. Ni huyu. Huyu!

"Umeulizwa," alimfokea. "Mjibu kaka yako."