Niliamini sikumtupia mama udongo, mpaka nilipotazama mkanda wa msiba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naandika nikiwa Tabata kwa dada yangu Anneth, nimeshiba na moyo mwepesi. Ninayosimulia yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ingawa baada ya haya, hata mie nikisema "nakumbuka vizuri" najishtukia.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, tukamzika Temeke. Kichwani mwangu picha ni moja: mchungaji anawaita watoto wakatupe udongo kaburini, mie nakimbia. Naona hadi viatu vyangu vikijikwaa kwenye makaburi ya watu.

Mtoto gani anamkimbia mama yake?

Aibu hiyo ilinizungusha nchi nzima. Mbeya, Kahama, Songea, popote penye kibarua. Nilikuwaga nawakumbuka ndugu zangu hadi machozi, lakini nikirudi Dar na kukutana na macho ya braza Elia, mkubwa wetu, siku ya pili nafunga begi. Nilijua ananidharau.

Mwaka huu nimepanga chumba Wazo. Juzi kati ndugu wakanijulisha kwamba Jumamosi wanajengea kaburi la mama. Nikaanza kutunga uongo wa kutokwenda.

Wiki hiyo hiyo, mwanafunzi mmoja wa chuo alifika mtaani kwetu akitafuta watu wa kumsaidia utafiti wake wa saikolojia kuhusu kumbukumbu. Tukakaa kama sita hivi. Akatusomea maneno: shuka, mto, godoro, neti, blanketi, kukoroma, ndoto. Tukapiga stori kidogo, kisha akauliza tumesikia nini.

"Usingizi," nikasema.

"Una uhakika, kaka?"

"Sista, nimekusikia kabisa. Hata sauti ulishusha."

Akanipa karatasi. Usingizi haumo.

Jirani yangu akadakia, "Huyu asije akawa shahidi mahakamani, tutafungwa mtaa mzima!"

Yule binti akatuambia akili haihifadhi mambo kama mkanda wa video. Kila tunapokumbuka inajenga upya, na penye pengo inajaza kinachofanana na ukweli, wala hatushtuki.

Wakuu, nilisikia neno moja tu: mkanda. Msiba wa mama ulirekodiwa! Sikuwahi kuthubutu kuutazama.

Kesho yake nikaenda kwa dada. Aliuhamishia kwenye flashi zamani.

"Leo ndiyo umepata ujasiri?" akaniuliza, akaiweka kwenye TV.

Mchungaji anaita watoto. Braza Elia, mwanaume wa miaka ishirini na tano, anageuka na kutimua mbio.

Na mie niko nyuma yake, namfukuza!

Baadaye kamera inatukuta tunarudi, nimemshika mkono. Natupa udongo wangu. Kisha nachota mwingine, namwekea yeye kiganjani.

Kumbe kukimbia nilikimbia kweli. Sababu ndiyo niliyoijaza mwenyewe.

Nililia, dada akalia, halafu tukaanza kucheka jinsi suti ya marehemu baba ilivyonipwaya.

Nikampigia Elia pale pale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mpotevu."

Nikamweleza yote.

"Mdogo wangu, mie nikikuona namwona mtu aliyeniona nikikimbia. Nilidhani unahamahama kwa sababu hutaki kukaa na kaka muoga."

Miaka yote hiyo, wakuu. Kila mmoja anamkwepa mwenzake, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumamosi tulisimama kaburini bega kwa bega. Elia akaninong'oneza, "Leo usinishike mkono, nimeshakua."

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujajihukumu kwa unachokumbuka, waulize waliokuwepo. Wanaweza kuwa na kipande chako.

Vipi nyie, kuna tukio mliloapa mnalijua, ndugu akawaambia halikuwa hivyo? Mwageni hapa, nitasoma yote. Nina muda.

Begi nimeshalifungua.