Umegusa Nini?

Fundi wa kompyuta wa Majengo amefariki. Taarifa ilinifikia Jumanne asubuhi kwa simu ya jirani yake, na kabla sijauliza chochote nikaambiwa ni ghafla tu, mtu alikuwa mzima kabisa. Hapa Songea kila anayekufa alikuwa mzima kabisa, kama ambavyo kila kompyuta inayokufa imeuawa na umeme. Nimeishi mji huu miaka mingi na sijakutana na mtu aliyeharibu kompyuta yake mwenyewe. Umeme ndio unaofuta mafaili, umeme ndio unaoleta virusi, umeme ndio unaomwaga chai kwenye kibodi. Marehemu aliwajua watu wa aina hii na hakuwa na simile nao. Hakufungua hata skrubu moja mpaka umjibu swali lake: "Umegusa nini?" Wateja walimchukia kwa hilo, wakavuka barabara kwenda kwa mafundi wasiouliza kitu, ambao hupiga window upya, yaani hufuta kila kilichomo, kisha wakakurudishia mashine tupu kama sahani iliyooshwa, nawe ukashukuru.

Nami nilikuwa mmoja wa wajinga hao. Nilisikia mahali kwamba kompyuta ikijaa unaweza kupanga upya vipande vya diski ili kile kikubwa kipate nafasi. Nikaona kipande kidogo kisicho na jina, nikakidharau, nikakifuta. Nilipoiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja wa maandishi ukaniambia hakuna cha kuwashia. Humo ndani mlikuwa na sauti ya mama yangu akisimulia maisha yake kwa Kingoni, niliyoirekodi mwaka wake wa mwisho. Sikuwa na nakala kokote, mimi ninayewahubiria ninyi wasomaji uangalifu kila wiki katika safu hii. Nilikwenda kwa fundi, na bado nikamwambia ni umeme. Akaisukuma kompyuta upande wangu wa meza, akaendelea na kazi nyingine. Nilikaa pale kama mwanafunzi aliyekosa hadi aibu ikanishinda, nikasema yote. Ndipo akachomeka flashi yake, akatazama kidogo.

"Mzee, nyumba ipo na vitu vyote vimo," akasema. "Umeng'oa mlango tu. Ungevuka barabara, wangeibomoa."

Akakiunda upya kile kipande, akarudisha mafaili ya kuwashia, na kabla ya saa sita mama akaanza kuongea pale katikati ya nyaya. Nililia, wala sioni haya kusema hivyo. Yeye akaniomba nipunguze sauti, kwa sababu alikuwa anafanya kazi.

Msibani kule Ruhuwiko, wale wale waliovuka barabara walipokezana kipaza sauti kumsifu kwa kupenda ukweli. Nilitamani kuwauliza ni ukweli gani waliowahi kumwambia. Nikajisogeza kwa mjane kumpa pole, na nikamuuliza taratibu mwenzake alikuwa anaumwa nini. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa na presha siku nyingi, na kila alipokwenda kliniki aliulizwa kama anameza dawa, akajibu anameza.

"Jana tumefungua droo yake kule kazini, baba," akasema. "Dawa zimejaa, hata hazijafunguliwa. Daktari alikuwa anamwandikia zenye nguvu zaidi akidhani hizi hazimsaidii."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Mtu aliyeninyima huduma mpaka nikiri kosa la diski, mbele ya nesi alisingizia umeme. Hakuna aliyemsukumia faili lake upande wake wa meza, kwa hiyo kila mtu alitibu ugonjwa ambao haukuwapo, presha isiyosikia dawa, hadi tukamzika. Anayetaka kukutengeneza hawezi kuona kila kitu. Mwambie ulichogusa, na ulichokataa kugusa pia. Mimi nina kliniki wiki ijayo. Leo asubuhi nimevitazama vidonge vyangu, na vimebaki vingi kuliko inavyopaswa. Nitasema.