Mistari ya Pumzi Moja

Chuoni walimwita Rula, na haikuwa sifa. Baba yake alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, na tangu utotoni alimfundisha binti yake sheria moja: ukishaweka brashi ubaoni, bana pumzi mpaka mstari uishe. Ndiyo maana mistari ya Rula ilinyooka hata pale mwalimu wa uchoraji alipoisihi ipinde.

"Sitaki picha," mwalimu alisema, akizunguka meza na kikombe chake cha chai. "Nataka alama tu. Usifikiri."

Rula akajaribu kutofikiri, kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Alichora kwa mkono wa kushoto, likatoka birika. Alifumba macho, akatoka kuku, tena mnene. Wenzake walikwaruza karatasi kwa ufagio wakasifiwa ujasiri.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa alikuwa amedanganya kwamba chuoni anafundishwa kuchora nyuso. Baba hakujua kuchora nyuso, na alimpeleka chuoni ajifunze hilo hilo. Kinyozi jirani yao alishaahidiwa vichwa vitatu vyenye mitindo ya nywele, vya kuchorwa ukutani mwa duka lake.

"Vichwa vinaendeleaje?" baba aliuliza kila Jumapili.

"Vinakuja, baba."

Ukweli ungejulikana, angetolewa chuoni arudi kibandani kwa baba kuandika SODA BARIDI hadi uzeeni.

Maonyesho ya chuo yalipokaribia na maji kumfika shingoni, akafanya alichokijua. Alibandika karatasi ndefu ukutani, akabana pumzi, akavuta mstari. Pumzi ilipokwisha hakuinua brashi. Mstari ukayumba, ukaenda kombo. Akavuta mwingine, na mwingine, hadi karatasi ikajaa.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya maonyesho baba alitokea bila kualikwa, kavaa koti la harusini, kinyozi nyuma yake. Wageni walikuwa wamejazana mbele ya karatasi ya Rula. Mmoja aliona mvua. Mwalimu, aliyeona mbali kuliko wote, aliona ukimya wa nafsi, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu mwenye shahada mbili.

"Vichwa viko wapi?" kinyozi akauliza.

Baba alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akafuata mistari mmoja mmoja kwa kidole kisichogusa. Kwa kila mstari alibana pumzi, akaiachia, akabana tena.

"Hapa pumzi ilikuishia," akasema. "Na hapa. Huu uliuvuta ukilia."

"Ndiyo, baba." Miezi yote hiyo Rula alikuwa akimkimbia mtu pekee aliyejua kuisoma kazi yake.

Mwalimu akakohoa, akitaka kufafanua. Baba akamzuia kwa kiganja, kwa adabu, kisha akamgeukia kinyozi.

"Jirani, vichwa tafuta fundi mwingine. Huyu ana kazi."

Akainama tena kwenye karatasi, akakunja uso.

"Ila brashi hukuiosha vizuri, mwanangu. Hayo sikukufundisha mimi."