Tiketi ya Wawili Kwenda Kisumu

Anayetaka kucheka acheke sasa, nitamsubiri. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu zote, na hadi leo nikisikia ndege inapita juu ya bati letu hapa Morogoro, naacha ninachofanya.

Nilikuwa nimeshuka Nairobi kwa basi, miguu imevimba, njiani kwenda Kisumu kwa binti yangu Neema. Ameolewa huko na Odhiambo, kijana mpole, na alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza. Nilipanga nipumzike kidogo mtaa wa Njiru, hukohuko Nairobi, kwa shoga yangu Mama Baraka, aliyewahi kuwa jirani yangu Morogoro, kisha nipande basi jingine. Jioni ileile Odhiambo akanipigia simu. Presha ya Neema imepanda, atapasuliwa kesho. Akaongeza, "Mama, anakuulizia wewe tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi la usiku mzima na miguu ile? Mama Baraka akasema ipo ndege ya asubuhi, na akanielekeza kwenye kibanda cha tiketi chini ya ghorofa lao, maana yeye alikuwa anasonga ugali. Mwenye kibanda ni Musyoka. Anapiga picha za pasipoti, anachapa barua, anakata tiketi za kila kitu kinachosogea. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugeni nao una bei yake.

"Mathe, fare ya wageni iko juu mbaya," alisema alipoiona pasipoti yangu. "Kuna ofa ya watu wawili, hiyo itakusort. Lakini mmoja wenu lazima awe na ID ya hapa. Huna mtu mnaenda naye?"

Sikuwa naye. Nikatoka nje kumpigia Odhiambo, simu haishikwi. Nikawa naenda na kurudi pale mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, ndipo mwanamke aliyekaa kwenye benchi la nje akaniita. Alivaa sweta ya kijani, vifungo vimefungwa vyote hadi shingoni. Sikumwona alipokuja kukaa, lakini mwenye hofu ya mwanawe ana macho ya kuangalia benchi?

"Mama, mimi pia naenda Kisumu," alisema. "Niko hapa kitambo, sijapata mtu wa kwenda naye. Mimi nikupunguzie bei, wewe unifikishe nyumbani."

Akanipa kitambulisho chake. Peres, jina la kizamani, nikalipenda. Nikamtania kwamba kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Akacheka, nikaona meno yake mawili ya mbele yamepandana.

"Kiti cha dirishani unipe mimi," akasema. "Nataka nilione ziwa."

Nikaingia ndani na vitambulisho viwili mkononi. Umeme ulikatika Musyoka akiwa katikati ya kazi, akamalizia kwa simu yake huku akiilaani stima. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu. Nikamngoja hadi mbu wakanishinda. Mama Baraka alinicheka sana: sijamaliza siku moja Nairobi, tayari natembea na kitambulisho cha watu. Akasema mwenyewe atanitafuta uwanjani.

Hakunitafuta. Asubuhi nilipofungua mkoba mbele ya dada wa tiketi, pasipoti ipo, kitambulisho hakimo. Nikaanza kueleza habari ya mwenzangu. Yule dada akatazama kompyuta yake na kuniambia, "Huyo ameshapita, mama. Atakuwa ndani."

Niamini, moyo ulitulia. Nikasema kumbe alikichukua mwenyewe, labda nilimpa nikasahau. Lakini ndani ya ndege kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, mkanda wake umefungwa. Tulipopaa, bwana mmoja aliyebanwa kwenye safu ya nyuma akaomba ahamie pale. Nikampisha. Alikaa, na hapohapo akainuka, uso umembadilika.

"Samahani, mama," akaniambia. "Sikujua kuna mtu."

Wewe ungegeuka kutazama? Mimi sikugeuka. Baridi ilikuwa inanijia upande ule mmoja tu, bega na goti. Nikaanza kusali sala zote nilizofundishwa, nikizichanganya. Tulipofika juu ya ziwa nikasikia pembeni yangu mtu anavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayejizuia kulia.

Hospitali nilikuta Neema ameshapasuliwa tangu alfajiri. Alikuwa hai, nashukuru. Mtoto ni wa kike, na sauti yake niliisikia tangu mlango wa wodi. Alikuwa analia tangu azaliwe, titi halitaki, na wauguzi wamempima wasione ugonjwa. Sauti ilishaanza kukauka. Neema alikuwa ameniahidi mtoto akiwa wa kike ataitwa Rehema, jina la marehemu mama yangu. Nilimpakata, nikamwita Rehema, akalia hadi akageuka rangi.

Mama yake Odhiambo alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Kwao mtoto akilia hivyo, husema kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake. Alikuwa anawataja mmoja mmoja, mababu na mashangazi, na mtoto analia tu. Mwisho akanigeukia mimi, amechoka.

"Mama Neema, pole na safari. Umekuja na nani?"

Nikamjibu kwa hasira za uchovu, "Nimekuja na mwanamke wa Njiru, anaitwa Peres. Amenipotea."

Mtoto akanyamaza. Alinyamaza palepale, akageuza kichwa kwenye kifua cha mama yake, akashika titi.

Mama Odhiambo aliketi kitandani bila kuangalia anapoketi. Odhiambo ndiye aliyenionyesha picha kwenye simu: sweta ya kijani, meno mawili yamepandana. Ni dada yake mkubwa, aliyefariki Njiru wakati wa ule ugonjwa wa korona, njia za kutoka Nairobi zilipofungwa. Walimzika hukohuko kwa haraka, na kwa watu wale kutomrudisha mtu nyumbani ni jeraha lisilotajwa. Ndiyo maana mama yake hakuwa amelitaja jina lake. Alimwonea aibu marehemu binti yake.

Musyoka naye nilimpigia. Anaapa kwamba jioni ile hapakuwa na mtu kwenye benchi, na majina yote mawili nilimsomea mimi.

Jina langu la Rehema halikuitwa tena. Ningebisha vipi, na mtoto ananyonya? Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Peres sasa ana miaka minne, ana afya, na meno yake ya mbele yameota yamepandana. Mwezi uliopita mama yake alimpa simu anisalimie.

"Bibi, njoo na ndege."

Nikamwambia bibi anapenda basi.

"Njoo na ndege," akarudia, taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto. "Dirishani sasa kaa wewe. Mimi nimeshafika."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nawe unayesaka nauli nafuu ugenini, ofa ya wawili ni nzuri, sikukatazi. Ila kabla hujaandikisha jina la mwenzako, muulize ni nani anayemngoja huko aendako.